Mume wangu anataka tuhamie Kentucky waliko wenzetu, mimi naogopa

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa watoto wanne, Mkongo wa Fizi niliyekulia Nyarugusu. Tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 nikiwa na miaka saba. Nilisoma kambini, nikaolewa kambini, na watoto wangu watatu wa kwanza walizaliwa hapo. Mwaka 2018 tukaletwa Marekani. Shirika lilitupangia mji mdogo katika jimbo la Iowa, wenye kiwanda cha nyama, na mpaka leo tuko hapohapo.

Sitaki nionekane sina shukrani. Nafanya kazi mchana kiwandani, sehemu ya kufunga nyama, napata dola 21 kwa saa, na bima ya afya ya familia nzima inapitia kwangu. Mume wangu yuko zamu ya usiku kwenye kiwanda hichohicho. Tunapishana mlangoni, mimi navua koti, yeye anavaa lake. Ndivyo tulivyoweza kulea watoto bila kumlipa mtu wa kuwaangalia.

Shida yetu ni watu. Tulipofika tulikuta familia kadhaa za kwetu, lakini zimeondoka moja baada ya nyingine. Tumebaki sisi na familia moja ya Warundi ambao nao wako zamu ya usiku. Katika jengo letu naingia nyumba moja tu, ya bibi mmoja Mmarekani, mjane, anayenipeleka hospitali kwa gari lake nikiwa na mtoto mgonjwa. Wengine tunapeana mkono wa salamu kwa mbali basi. Kambini mtu alikuwa anaingia bila hodi, anavuta kigoda, anakukuta unachambua mboga naye anaanza kuchambua. Hapa nilijifungua mtoto wa nne, nikarudi nyumbani, na siku ya tatu nikapika mwenyewe.

Mwaka juzi baba yangu alifariki Nyarugusu. Simu ilinikuta kwenye mapumziko. Niliipokea kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikiwa bado na mabuti na wavu wa nywele kichwani, nikakaa sakafuni. Walinipa ruhusa ya siku tatu. Siku hizo tatu nilikaa sebuleni, hakuna aliyekuja kulala chini pamoja nami, hakuna aliyeanzisha wimbo. Mchungaji wetu wa zamani alituombea kwa simu kutoka Texas. Yule bibi wa chini alileta mkate wa ndizi. Siku ya nne nikarudi kufunga nyama.

Mume wangu ana binamu yake Lexington, Kentucky. Kila Jumapili binamu anatuma video: kanisa la Kiswahili limejaa, kwaya mbili, arusi ambayo watu wamekosa viti. Mwezi uliopita mume wangu akaniambia mkataba wa nyumba ukiisha Agosti tunaondoka. Hakuniuliza, aliniambia.

Naogopa kuacha kazi na bima. Kijana wetu wa kwanza anamaliza darasa la 11, ametimiza miaka 17 Februari, anacheza mpira timu ya shule, na ameshasema yeye haendi popote. Binti wa miaka 14, yeye hataki kabisa kuongea Kiswahili, nikimsemesha ananijibu kwa Kiingereza, na baba yake anasema tukiendelea kukaa hapa tutampoteza. Grini kadi tunazo wote isipokuwa mdogo aliyezaliwa hapa. Uraia hatujaomba, mume wangu anasema tutaomba tukishatulia huko.

Nimwache atangulie? Tuende wote? Nikikataa na yeye akaendelea kunyong'onyea hapa, nitakuwa nimefanya nini?

Mama wa Wanne, Iowa

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana kwa msiba wa baba. Najua imeshapita miaka, lakini kwa ulivyoeleza, pole zilizokufikia zilikuwa chache mno, na hii ipokee.

Nianze na jambo ambalo wewe mwenyewe hukulisema. Umeandika kana kwamba mwenye kiu ya watu ni mumeo, na kazi yako wewe ni kupiga hesabu za gharama. Lakini aliyekaa sebuleni siku tatu bila mwenzake wa kulia naye ni wewe. Aliyetoka uzazi akashika sufuria siku ya tatu ni wewe. Kwa hiyo usiende kuzungumza na mumeo kama mtu anayemzuia. Nenda kama mtu mwenye kiu ileile, ila unayeona mashimo yaliyoko njiani. Maongezi yatakuwa tofauti kabisa.

Jibu langu ni hili: nadhani mnapaswa kuhama. Ila si Agosti hii, na sina hakika kama ni Kentucky.

Kwanza nikutoe hofu moja. Wapo watakaokwambia kwamba kuufuata umati wa kwenu ni kukataa kujifunza Marekani, kwamba mkimbizi mwema hukaa pale alipopangiwa. Mpango wa kuwapokea wakimbizi haujawahi kumfunga mtu na mji, na watu wamekuwa wakihama tangu mwanzo. Chukua Wasomali wa Lewiston, jimbo la Maine. Wengi wao walipangiwa kwanza maeneo ya Atlanta, Georgia. Wakaona watoto wanalelewa kwenye mitaa isiyo salama, na wazee wao wakatuma watu watangulie kuangalia miji mingine. Kuanzia mwaka 2001 familia zikaanza kuingia Lewiston, mji wa baridi kali uliokuwa ukipoteza viwanda na watu, ambako nyumba zilipatikana na shule zilikuwa tulivu. Haikuwa rahisi. Oktoba 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi akiwataka wapunguze kuja. Januari 2003 kundi la wabaguzi likaitisha mkutano pale, wakajitokeza wachache, na wenyeji kwa maelfu wakakusanyika siku hiyohiyo kuwatetea majirani zao wapya. Mwaka 2015 timu ya mpira ya sekondari ya mji ule, iliyojaa watoto wa Kisomali, ilitwaa ubingwa wa jimbo. Watu wale hawakukosea kutafutana. Ila angalia walivyofanya: walituma macho kwanza, familia zikafuata.

Sasa kuhusu uraia, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu kauli ya "tutaomba tukishatulia huko" ndiyo iliyonishtua kuliko yote kwenye barua yako.

Sheria ya Marekani inasema mzazi mmoja akiapa kuwa raia, mtoto wake mwenye grini kadi anayeishi chini ya malezi yake anakuwa raia siku hiyohiyo bila kufanya mtihani, mradi hajatimiza miaka 18. Wewe au baba yake, mmoja anatosha. Kijana wako ana miaka 17. Akivuka 18 kabla yenu hamjaapa, nafasi hiyo inafungwa kwake, na itambidi aombe mwenyewe, alipe ada yake, afanye mtihani wake na asubiri zamu yake. Wadogo zake wenye grini kadi bado wana muda. Yeye hana.

Kwa mkimbizi, miaka mitano ya kuishi hapa inayotakiwa kabla ya kuomba uraia inahesabiwa tangu siku aliyoingia nchini, kwa hiyo nyinyi sifa mnazo tangu 2023. Lakini mwombaji anatakiwa awe ameishi miezi mitatu katika jimbo au wilaya ya uhamiaji anayoombea. Mkihama Agosti ndipo muombe, mtaanza kusubiri hadi Novemba kabla hata ya kutuma fomu, na Februari itakuwa mlangoni. Mkiomba sasa kisha mkahama kesi ikiwa njiani, faili litahamishiwa ofisi nyingine, na kuhamishwa kwa faili mara nyingi ni kuchelewa. Kwa hiyo fomu ya kuombea uraia, N-400, itumwe mwezi huu, kutoka hapohapo Iowa, na msihame kabla ya kiapo. Hakuna anayeweza kuwaahidi kwamba kitawahi Februari, lakini kila wiki mnayongoja inatoka kwenye muda wa mtoto. Kwenye mahojiano mweleze ofisa tarehe ya kuzaliwa ya kijana.

Ada ni dola 710 ukiomba kwa mtandao na 760 kwa karatasi, na ipo nafuu kwa wenye kipato kidogo. Mtihani nao ulibadilika kwa wanaoomba kuanzia Oktoba 20, 2025: maswali ya kusomea ni 128, unaulizwa mpaka 20, na unatakiwa upate 12. Kiingereza cha kazini kimekubeba miaka yote hii mbele ya wasimamizi, kitakubeba na hapo ukikinoa kidogo. Mwombe yule bibi wa chini akuulize maswali hayo jioni. Na tafadhali, fomu ijazwe na wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Sheria, wapo kwenye mashirika mengi ya wakimbizi. Wapo ndugu zetu wanaojazia watu fomu kwa malipo bila idhini yoyote, na kosa lao linabaki kwenye faili lako.

Shule ni sababu ya pili ya kusubiri. Darasa la 12 ndilo mwaka mbaya kuliko yote wa kumhamisha mtoto. Kila jimbo lina masharti yake ya kuhitimu, na mtoto anaweza kufika akaambiwa kuna masomo hakusoma. Halafu kuna ada ya chuo: vyuo vya umma hutoza wakazi wa jimbo ada ndogo kuliko wageni, na kwa kawaida mtu huhesabiwa mkazi baada ya kuishi hapo mwaka mzima. Mkihama Agosti, kijana anaweza kumaliza sekondari Kentucky akiwa bado mgeni kwa kipimo cha Kentucky, na Iowa ameshaipoteza. Kijana aliyesema haendi popote hajakosa adabu, mdogo wangu. Ana hoja, na anastahili kuketi kwenye maongezi haya.

Kwa hiyo wakati wa kuhama, kama mtahama, ni Juni mwakani, akishavaa joho lake. Mwenye nyumba anaweza kukubali kuwaongezea mkataba wa miezi kumi badala ya mwaka. Muulizeni mapema na mpate jibu kwa maandishi.

Sasa nije kwenye wapi. Binamu yuko Lexington, na ni kweli Wakongo ni wengi kule. Lakini mbona hamkuitaja miji ya hapohapo Iowa, kama Des Moines? Cedar Rapids? Iowa City? Wakongo na Warundi wapo kwenye miji yote hiyo, na ibada za Kiswahili zinapatikana. Mkihama ndani ya jimbo, kijana habadilishi ada ya chuo, na kama kuna msaada wowote wa jimbo mnaoupata, iwe Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, au chakula, mnabadilisha anwani tu. Mkivuka jimbo, kila kitu kinafungwa na kuanza upya. Msitegemee pia kwamba shirika la Kentucky litawapokea kama mlivyopokewa 2018. Huduma zile za mapokezi zilikuwa za siku 90 za mwanzo, nanyi mmekwisha kuzitumia, na tangu mpango wa wakimbizi uliposimamishwa Januari 2025, ofisi nyingi zimepunguza wafanyakazi na nyingine zimefungwa. Mtapokewa na binamu, na sebule ya binamu ina mwisho wake. Sisemi Des Moines ni bora kuliko Lexington. Nasema huwezi kuchagua mji kwa sababu ndio pekee unaotumiwa video zake.

Na hizo video, mdogo wangu. Zinaonyesha Jumapili. Hakuna anayemrekodi binamu Jumanne saa kumi alfajiri akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha utafiti uliohusisha watu wazima waliohamia mahali papya, akataka kujua urafiki unachukua muda gani. Aliona kwamba mtu wa kujuana naye tu anageuka rafiki wa kawaida baada ya kama saa 50 za kuwa pamoja, na rafiki wa karibu ni zaidi ya saa 200. Saa za kazini hazikusaidia sana, zilizosaidia ni zile za kukaa tu, kula, kupiga soga. Sasa mpigie mumeo hesabu hizo. Analala mchana watu wakiwa macho, anaamka watu wakifunga milango. Akipata Lexington kazi ya usiku kwenye ghala, na hizo ndizo kazi ambazo mgeni hupewa kwanza, ataishi katikati ya Wakongo elfu na bado asipate saa mbili za kukaa nao. Kinachomnyong'onyeza mumeo ni mji, sikatai, lakini kwa kiasi kikubwa ni zamu. Kabla ya kubadilisha jimbo, aombe kubadilisha zamu. Najua mlipangiana hivyo kwa ajili ya watoto, lakini sasa mna kijana wa 17 na binti wa 14, na hesabu ya mwaka 2018 inaweza kupigwa upya.

Umeuliza kama umwache atangulie. Kwa kuishi, hapana. Nimeona familia nyingi zikigawanyika kwa neno hilo "atangulie." Kodi zinakuwa mbili, miezi mitatu inakuwa mwaka, baba anawazoea watu wake wapya na mama anabaki na watoto na hasira. Kwa kuangalia, ndiyo, lakini muende wote. Chukueni wiki ya likizo wakati shule imefungwa, siku chache Des Moines, siku chache Lexington. Msiende wikiendi ya arusi. Nendeni katikati ya wiki, muamke na binamu alfajiri, muone anavyoenda kazini. Ulizeni watu watatu wasio ndugu zenu wanalipa kodi kiasi gani na bima yao inatoka wapi. Wewe binafsi ulizia kazi yenye bima inayoanza mapema, kwa sababu sehemu nyingi bima haianzi siku ya kwanza, na familia ya watu sita haiwezi kukaa miezi bila bima. Waulize akina mama, wakiwa jikoni bila waume zao, nani alikuja walipojifungua.

Waulize pia yale yasiyorekodiwa. Jamii kubwa ina michango kila mwezi, ina makanisa yanayogawanyika, ina watu waliobeba ugomvi wa vijiji vya Fizi na Uvira mpaka huku, ina macho yatakayomtazama binti yako anavaa nini. Bado naona ni afadhali kuwa nayo kuliko kukaa siku tatu peke yako. Ila ingieni mkijua.

Binti msimlazimishe. Anakataa Kiswahili kwa sababu kwa macho yake ni lugha ya watu wawili waliochoka. Kwenye safari hiyo akutane na wasichana wa umri wake wanaokichanganya na Kiingereza, wanaokitumia kuwasengenya wavulana. Hilo litafanya kazi ambayo maneno yako hayajaifanya.

Jambo moja la mwisho, na hili ni lako peke yako. Kabla ya safari mpigie simu mchungaji wa kanisa la Kiswahili la mji mtakaoanza nao. Mwambie baba yako alifariki na hukupata watu wa kukaa nawe. Omba ibada ya kumbukumbu, jioni moja tu, hata nyumbani kwa mtu. Usione aibu kwamba imepita miaka wala kwamba hawakujui, watu wetu hawaulizi hayo kwenye msiba. Utaona kwa macho yako mji huo unawapokea vipi waliofiwa, na mumeo ataona kitu ambacho nadhani hakukiona siku zile kwa sababu alikuwa anaingia zamu.

Mkishaamua na mkahama, kila mmoja wenu atakayekuwa bado hajawa raia ana siku 10 za kuijulisha idara ya uhamiaji anwani mpya kwa fomu ya AR-11, inafanyika kwa mtandao na haina malipo. Kubadilisha anwani posta hakutoshi. Barua nyingi za uhamiaji zinapotea hapo.

Wiki hii fomu ya uraia. Mengine yana muda. Uniandikie mkisharudi safari, nataka kusikia kijana na binti walisemaje.